Mikutano tumefanya, dodoso tumejaza, mbona majibu ni yaleyale?

SWALI: Naratibu tathmini ya mafuriko katika vijiji sita. Mfadhili anataka jamii ishirikishwe, nasi tumeitisha mikutano ya hadhara na kujaza dodoso nyumba kwa nyumba. Mikutanoni wanaongea watu walewale watano, na dodoso karibu zote zinataja maji ya bomba na zahanati. Mwenzangu anasema wananchi hawajui kutofautisha mahitaji na udhaifu, yaani kile kinachowafanya waumizwe na mafuriko. Tunakosea wapi?

JIBU: Mwenzako ndiye aliyekosea. Mtu akishuka kwenye gari la mradi na dodoso mkononi, mwenye nyumba hulijibu gari. Anataja kile anachodhani gari linaweza kuleta, na mimi ningefanya vivyo hivyo.

Kabla hujalitupa jibu la maji ya bomba, rudi uulize: mafuriko yakija, kisima kinakuwaje? Huenda ukaambiwa maji ya vyoo huingia humo, na kwamba kuhara huwasumbua watoto kwa wiki kadhaa baada ya mto kurudi mahali pake. Hapo bomba si ombi tena, ni maelezo ya udhaifu wenyewe. Dodoso lenu halikuacha nafasi ya kuandika hiyo "kwa sababu".

Udhaifu hauonekani kwa kuuliza "tatizo lenu ni nini?" Unaonekana ukifuatilia kwa nini maji yaleyale yalimbeba huyu yakamwacha yule. Kimbunga kilichopiga Bangladesh mwaka 1991 kiliua watu wapatao 140,000, na wanawake waliokufa walikuwa wengi kuliko wanaume. Upepo haukuchagua. Wengi wao walibaki nyumbani na watoto, tahadhari hazikuwafikia sawasawa, na wengine waliona haya kujibanza usiku kucha na wanaume wasiowajua kwenye majengo ya kujihifadhia. Kwa hiyo uliza habari za siku yenyewe. Maji yalipokuja ulikuwa wapi? Nani alikuambia? Ulibeba nini kwanza? Nani alichelewa kutoka, na alikuwa akisubiri nini?

Hao watano wa mkutanoni msiwafukuze, ila wagawanyeni watu kwa makundi. Wanawake wakae peke yao, vijana peke yao, wapangaji na wahamiaji vilevile; mwenye ulemavu asiyeweza kufika, mfuateni kwake. Kila kundi lichore ramani yake chini, kwa jivu na vijiti. Wakati mmoja niliwezesha zoezi hilo, wanaume wakachora mto, barabara na shule, wakaweka mawe ya hatari kando ya mto. Kundi la wanawake lilipoitwa kuitazama, mama mmoja aliinama, akaokota jiwe moja na kulisogeza hadi kwenye kijia cha kisimani. "Hapa hujaa kwanza," akasema, "mto bado." Wanaume walibishana kidogo, kisha wakanyamaza, maana wao hawapiti pale. Hilo jiwe lilinifaa kuliko dodoso zote za siku ile. (Tahadhari moja: nyumba ya mzee anayeishi peke yake isiwekwe kwenye ramani itakayobandikwa hadharani. Wezi nao husoma ramani.)

Mkishapata orodha ya hatari, wazipange wao kwa kuzilinganisha mbili mbili: kati ya hii na hii, ipi iliwaumiza zaidi? Msikilize mabishano kuliko matokeo. Sababu hutajwa humo. Kisha rudini na mlichoandika, mkisome kwa lugha yao, wakisahihishe kabla hakijamfikia mfadhili. Timu nyingi huiruka hatua hii kwa kisingizio cha muda.

Mwaka 1969 Sherry Arnstein, mtaalamu wa Marekani wa ushirikishaji wa wananchi, alichora ngazi ya ushiriki wa wananchi yenye vipandio vinane. Mikutano na dodoso aliviweka kwenye cha nne, kushauriwa: watu wanasikilizwa, lakini hawana hakika kwamba neno lao litabadilisha chochote. Ndipo mlipo sasa. Mbinu nilizoeleza hazitawapandisha peke yake ikiwa shughuli za mradi zimeshaamuliwa ofisini. Kwa hiyo, kabla ya kurudi vijijini, muulize mfadhili ni sehemu gani ya bajeti bado iko wazi. Akikujibu hakuna, waambie wananchi hivyo tangu mwanzo, waamue wenyewe kama wana siku ya kuwapa.