Mwenzako wodini akigoma kuchanja, mpe nafasi aulize kwanza

Naandika hii kwa manesi wenzangu, matabibu, watu wa maabara, wahudumu wa wodini, walinzi na dada zetu wa usafi, mana kila ugonjwa mpya ukitajwa huku Kanda ya Ziwa naona maswali yale yale ya 2021 kuhusu chanjo ya UVIKO, yaani korona, yanarudi na sisi tunayajibu kwa kukurupuka vile vile. Mimi ni nesi, nafanya kazi kwenye kituo cha afya upande wa Ilemela hapa Mwanza, wagonjwa wangu wengi ni wavuvi, kina mama wa dagaa na watu wanaoshuka na boti toka visiwani. Kipindi cha UVIKO nilichanja mapema na nikatumia muda mwingi sana kuongea na wenzangu waliokataa, wengine wakachanja baadaye wengine hawakuchanja kabisa, na nilichoshika mimi ni hiki: mtumishi wa afya anayeogopa chanjo mara nyingi shule anayo, anachokosa ni mtu wa kumjibu swali lake bila kumdharau.

Watu wa nje huwa wanashangaa, nesi mzima anakataaje chanjo wakati asubuhi ametoka kuwachoma watoto Penta na kuwadondoshea matone ya polio? Lakini jamani tukumbuke tulivyopita. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 2020, mwishoni mwa Aprili mwaka ule ule takwimu zikasimama kutolewa, tukabaki na "changamoto ya upumuaji" na nyungu. Januari 2021 hayati Rais Magufuli akiwa Chato, pembeni mwa ziwa letu hili hili, akaitahadharisha wizara isikimbilie chanjo. Halafu tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia akazindua chanjo, akachanjwa hadharani, na sisi watumishi wa afya tukawekwa kundi la mwanzo pamoja na wazee na wenye magonjwa sugu. Ni miezi sita tu hapo katikati. Sasa mtu aliyeambiwa Januari kaa mbali nayo, Julai anaambiwa wewe ndo utangulie, akisita kidogo unamwita mjinga? Mimi siwezi. Alikuwa anataka kujua kilichobadilika ni nini, na hilo ni swali la mtu mwenye akili. Jibu lilikuwepo, kamati ya wataalamu iliundwa ikapitia hali yote na ikashauri nchi ijiunge na COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawia nchi chanjo, ila ni wangapi kwenye vituo vyetu walikaa chini wakaelezwa hivyo? Wengi walipewa tangazo tu ubaoni, na fomu ya ridhaa ya kusaini, na ile fomu nayo ikawatisha zaidi, mana mtu alijiuliza kama ni salama nasaini ya nini. Fomu za ridhaa tunasainisha wagonjwa kila siku kabla ya upasuaji na tunawaelezea vizuri tu, ila wenyewe hakuna aliyetuelezea yetu.

Kwahiyo ushauri wangu wa kwanza, usiongee na mwenzako mbele za watu. Ripoti ya asubuhi sio mahali pake. Ukimuuliza mtu mbele ya inchaji na wanafunzi wa field "wewe mbona hujachanja" atatafuta sababu yoyote ya kujitetea, na akishaitamka mbele za watu hawezi tena kuirudia nyuma. Mimi nilikuwa naongea nao naiti, wodi ikitulia, chai iko mezani, hapo ndo mtu anakwambia kinachomsumbua kweli. Na asilimia kubwa ya kinachowasumbua wala hakikuwa ule uvumi kwamba chanjo ina chip ndani. Mabinti walikuwa wanaogopa ugumba, wengi hawajazaa bado na kwetu huku usukumani binti akikaa kwa mume bila mtoto anaijua shughuli yake. Wanaume waliogopa nguvu zao. Mmoja alikuwa na mama yake mwenye presha na alitaka tu kujua amruhusu mama achanje au la, mwenyewe alikuwa hajali sana.

Ukishajua swali, jibu hilo hilo, usimwage semina nzima. Kwa binti wa ugumba nilikuwa naelezea chanjo tuliyoanza nayo, ile ya Janssen ya dozi moja, kwamba imebebwa na kirusi cha mafua kilichoondolewa uwezo wa kuzaliana, kinapeleka maelekezo ya kutengeneza kipande kimoja tu cha kirusi cha korona ili kinga ya mwili ikifahamu, basi, hakigusi vinasaba vyako na hakiendi kukaa kwenye mayai ya uzazi. Mtu aliyesoma fiziolojia anaelewa hilo kwa dakika tano ukimpa kwa utulivu.

Na lile la damu kuganda usilifiche! Hapa nawasihi sana. Aprili 2021 Marekani walisimamisha chanjo ya Janssen kwa siku kadhaa kwa sababu ya watu wachache waliopata damu kuganda huku chembe sahani, zile chembe za damu za kugandisha, zimeshuka, wakachunguza, wakairudisha na onyo. Wenzangu walikuwa wameshaisoma hiyo habari kwenye simu zao kabla mimi sijafungua mdomo, na kama ningesema "hamna kitu kama hicho" ningekuwa nimemaliza uaminifu wangu wote siku hiyo. Nilikuwa nasema ndio ipo, ni watu wachache sana katika kila milioni, na UVIKO wenyewe unagandisha damu mara nyingi zaidi, tena dalili za kuangalia ni kichwa kuuma sana kisichoachia, kifua kubana, mguu kuvimba, tumbo kuuma, ukiziona ndani ya wiki chache baada ya chanjo njoo haraka. Ukimwambia mtu hatari na namna ya kuikabili anakusikiliza, ukimwambia hakuna hatari anakukimbia.

Vivyo hivyo na "mbona fulani alichanja na akaugua". Kweli. Kwenye majaribio ya Janssen kinga dhidi ya ugonjwa wa kati hadi mkali ilikuwa kama asilimia 66, dhidi ya ugonjwa mkali sana kama 85. Sisi tuliokuwa tunahangaika na mitungi ya oksijeni tunaijua hiyo tofauti, kuumwa nyumbani na kulazwa huku unahema kama umetoka kukimbia ni vitu viwili.

Kingine ni cha mpangilio tu ila kinaharibu sana. Usichanje wodi nzima siku moja. Kuna sehemu naijua walichanjwa karibu wote mchana mmoja, kesho yake homa, mkono mzito, mwili kuuma, nusu ya shifti haijatokea, na hadi jioni mtaa mzima unasema manesi wameanguka na chanjo. Homa ile ni ya kawaida, inaisha siku moja au mbili, hata mimi niliipata usiku wa siku ya kwanza nikanywa panadol nikalala. Gawa watu, wape siku yenye ofu kesho yake, na waambie kabisa kabla kwamba leo usiku unaweza kusikia baridi.

Sasa kuna kundi ambalo tunalisahau na linaniuma kweli. Mlinzi wa getini na dada wa usafi. Mama ametoka kisiwa cha Kome na kikapu chake, akifika getini anasalimia "mwangaluka", anajibiwa kwa lugha yake, hapo hapo anauliza "eti humu wanachoma ile sindano, wewe umechoma?" Anamuuliza mlinzi, hamuulizi daktari. Na mlinzi hajawahi kuitwa kwenye kikao hata kimoja, anajua alichotumiwa WhatsApp. Akisema "mimi siwezi, watu wanakufa" yule mama anageuza, na wewe uliyekaa chumba cha chanjo na sanduku lako la baridi hutajua kamwe kwanini siku hiyo watu walikuwa wachache. Siku moja niliwakusanya walinzi wetu na kina dada wa usafi pale chini ya mwembe, ile video ya kwamba sumaku inanata mkono uliochanjwa ilikuwa imesambaa sana, tukatoa sumaku kwenye spika mbovu nikaiweka kwenye mkono wangu niliochomwa, ikaanguka chini, nikampa kila mtu ajaribu mwenyewe. Hawakuchanja wote ila maneno ya getini yalibadilika, na hilo lilinitosha.

Kuhusu imani sina mengi, usishindane na mtu anayeomba. Mtafutie mtumishi mwenzake wa kanisani au msikitini kwake aliyechanja, waongee wao. Na kwa mainchaji, chanjo ilikuwa hiari, ukianza kumtishia mtu kumhamisha anaweza kuchoma kweli, lakini atamnong'oneza kila mgonjwa kwamba mimi nimelazimishwa.

Machi 2023 Marburg, ule ugonjwa wa virusi unaofanana na Ebola, ilipotangazwa kule Kagera, watu 9 wakaugua na 6 wakafariki, kati ya waliougua wakiwemo watumishi wa afya, huku kwetu hofu ilikuwa kubwa na wenzangu kadhaa waliowahi kukataa chanjo ya UVIKO waliniuliza chanjo yake iko wapi. Haikuwepo iliyoidhinishwa, na hata Januari 2025 ilipotangazwa tena Biharamulo, huko huko Kagera, ilikuwa ni glavu, magauni na kutenga wagonjwa tu. Wala sikuwakumbusha ya nyuma. Nilichofanya nilitumia hayo maongezi kuwauliza, kadi yako ya chanjo ya homa ya ini B iko wapi?

Na hapo ndo naomba muanzie hata leo, wakati hakuna mlipuko na vichwa vimetulia. Wote tunaogopa kujichoma sindano ya mgonjwa wa VVU, ambapo hatari ni kama asilimia 0.3, lakini kwa homa ya ini B mtu asiyechanjwa hatari inaweza kufika asilimia 30, na chanjo yake ipo miaka mingi. Wengi wetu tulichoma dozi ya kwanza tukapotelea hapo. Ni tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, ya tatu miezi sita toka ile ya kwanza. Kama ulikatisha huna haja ya kuanza upya, endelea ulipoishia. Muulize jirani yako wa shifti amefikia dozi ya ngapi, mwende pamoja, na mkienda mpitieni na yule dada anayebeba ndoo za taka zenye sindano, mana yeye naye anaweza kuchomwa na hana kadi kabisa.