Namna ya Kutambua Kwamba Bia Yako ya Kwanza Imemaliza Kuchachuka

Siku ya tano baada ya kutia hamira katika bia yangu ya kwanza, viputo vilikoma. Kizuizi cha hewa, yaani kile kifaa kidogo chenye maji kinachochomekwa kwenye kifuniko cha ndoo ili gesi itoke bila hewa ya nje kuingia, kilikuwa kimebubujika usiku na mchana tangu siku ya pili, na asubuhi hiyo nikakikuta kimya. Nilikuwa nimekwisha kuosha chupa 38 za nusu lita na kupima sukari ya kuongeza gesi, gramu 6 kwa kila lita, nikiwa tayari kujaza jioni ileile. Kilichonizuia ni haidromita, yaani kile kifaa cha kioo kinachoelea katika bia na kuonyesha densiti yake, uzito wake ukilinganishwa na wa maji (1.000), ambao hushuka kadiri hamira inavyokula sukari; niliitumia kwa sababu tu nilitaka kuandika namba ya mwisho katika daftari. Ilisoma 1.020, ilhali nilitarajia bia ile iishie karibu na 1.012.

Anayeanza huenda akaona tofauti ya 0.008 kuwa haina uzito. Kwa hakika, sukari ambayo hamira ilikuwa haijaimaliza ilizidi mara mbili ile niliyokusudia kuongeza, na yote ingechachukia ndani ya chupa zilizofungwa, mahali ambapo gesi haina pa kutokea. Chupa ya kioo ikipasuka kwa shinikizo la namna hiyo hurusha vigae vyenye makali, na inaweza kumjeruhi vibaya mtu anayepita karibu. Kwa hiyo nasisitiza kwamba kujua kama bia imekwisha ni suala la usalama kwanza, na la ladha baadaye.

Viputo hudanganya kwa pande zote mbili. Kifuniko kisichobana sawasawa huachia gesi ipite pembeni, na kizuizi cha hewa hukaa kimya wakati hamira ingali inafanya kazi kwa nguvu zote. Kinyume chake, bia iliyokwisha kuchachuka katika nyuzi joto 20 za Selsiasi bado hubeba karibu lita 0.85 za gesi ya kaboni dioksaidi katika kila lita yake, na chumba kikipata joto, au mgandamizo wa hewa ukishuka, sehemu ya gesi hiyo hutoka, na mtu akadhani kwamba uchachushaji umeanza upya. Povu zito la juu likianguka, hiyo ni dalili bora kidogo, ingawa linaonyesha tu kwamba kipindi cha kasi kimepita. Kung'aa kwa bia nako hakutoshi, kwa kuwa zipo hamira ambazo hubaki zikielea muda mrefu baada ya kazi kwisha.

Njia ninayoiamini ni kupima densiti, na kipimo cha kwanza hufanywa kabla ya kutia hamira. Bia yangu ilianza na 1.048. Pakiti ya hamira mara nyingi hueleza ni asilimia ngapi ya sehemu inayozidi 1.000, hapa 48, itapunguzwa. Yangu ilitaja 75, na kwa kuwa robo ya 48 ni 12, ndipo nilipopata matarajio ya 1.012. Viputo vikishapungua, pima. Ngoja siku mbili au tatu, kisha pima tena. Bia imemaliza ikiwa vipimo viwili vinalingana na pia viko karibu na namba uliyoitarajia. Nayataja masharti yote mawili kwa makusudi, kwa sababu wengi hushika lile la kwanza na kulisahau la pili.

Upimaji wenyewe unahitaji uangalifu. Kila kinachogusa bia kisafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu, na kiasi ulichochota kisirudishwe ndooni, bali kionje. Kabla ya kusoma, tikisa kiasi hicho mpaka gesi itoke, kwani viputo hung'ang'ania haidromita na kuinyanyua, ikasoma juu kuliko ukweli. Soma usawa wa bia yenyewe, si ukingo wake unaopanda kidogo pale unapogusa kioo. Haidromita nyingi zimetengenezwa zisome sawasawa katika nyuzi 20, na bia yenye nyuzi 30 itasoma chini kwa takriban 0.003, kiasi cha kutosha kumfanya mtu aamini kwamba amefika. Ijaribu pia katika maji safi ya nyuzi 20, ambamo inapaswa kusoma 1.000; yangu husoma 1.002, kwa hiyo kila mara hupunguza 0.002. Refraktomita, inayokadiria sukari kwa jinsi mwanga unavyopinda ndani ya tone la bia, ni chombo kizuri siku ya kupika, ila kileo kikishaingia usomaji wake hupotoka na huhitaji kusahihishwa kwa hesabu.

Bia yangu ilisoma 1.014 siku ya nane, 1.012 siku ya 11, na 1.012 tena siku ya 13. Hata hivyo sikujaza chupa siku hiyo, kwa kuwa ilinukia siagi na kuacha ladha ya tufaha bichi. Harufu hizo hutokana na vitu ambavyo hamira huvitengeneza mapema na kuviondoa yenyewe mwishoni, mradi iachwe na isihamishiwe kwenye baridi kabla ya wakati. Ukiwa na shaka, gawa bia katika glasi mbili zilizofunikwa, uweke moja katika maji ya nyuzi 60 kwa nusu saa, uipoze, kisha uzinuse zote. Ile iliyopashwa joto ikinukia siagi, hamira inahitaji siku zaidi. Yangu ilihitaji tatu.

Ikiwa densiti imesimama mahali pa juu, tuseme 1.030, usiihesabu bia hiyo kuwa imekwisha. Mara nyingi sababu ni baridi: ipandishe hadi nyuzi 20 au 22 na uizungushe ndoo polepole, bila kuruhusu hewa ichanganyike na bia, ili hamira iliyolala chini iamke. Ni kweli kwamba kimea, yaani nafaka iliyooteshwa na kukaushwa, kilichochomwa sana, au kilicholowekwa katika maji ya moto kupita kiasi, huacha sukari ambazo hamira haiwezi kuzila, na bia hiyo huishia juu kihalali. Ili kutofautisha hali hizi mbili, siku hizi ninapojaribu bia mpya huchota robo lita mwanzoni, nikaitia hamira nyingi, nikaiweka mahali pa joto na kuitikisa mara kwa mara. Baada ya siku mbili au tatu huwa imefika mwisho wake, nami nazijua namba ambazo ndoo kubwa inazielekea.

Unapojaza chupa za kioo, jaza na moja ya plastiki kutoka bia hiyohiyo, na iwe mahali unapoweza kuibonyeza kila siku. Ikiwa ngumu kama soda mpya ya dukani, zipeleke zote kwenye friji. Ikiendelea kuvimba hata baada ya hapo, vaa glavu nzito na miwani ya kukinga macho kabla ya kuifungua chupa yoyote ya kioo.