Sukari iliyomo kwenye kiazi haikutiwa na mtu

SWALI: Mtaalamu, nina vibanda viwili vya chipsi hapa Dodoma. Bei ya viazi mviringo iliposhuka nilinunua magunia 40 kutoka Njombe nikayahifadhi katika chumba baridi ninachochangia na muuza samaki, kwenye nyuzi 4 za Selsiasi. Wiki ya kwanza chipsi zilikuwa nzuri. Sasa ni wiki ya tano, hakuna kiazi kilichooza wala kuchipua, lakini chipsi zinatoka za kahawia, tamu kwanza kisha chungu, hata nikibadilisha mafuta. Wapo wanaosema ni mbolea ya shambani. Kijana mmoja sokoni anauza unga wa kuondoa sukari kwenye viazi. Ninunue?

JIBU: Usinunue. Mkulima wa Njombe naye hana kosa, kwa kuwa mbolea iliyowekwa shambani haiwezi kusubiri wiki tano ndipo iharibu viazi vilivyokwisha kukaangika vizuri. Kilichoviharibu ni zile nyuzi 4.

Kinachonichosha katika maswali ya namna hii, nami huyapata kila msimu, ni imani kwamba kiazi kikishang'olewa kimekufa, na kwamba kadiri kinavyopozwa ndivyo kinavyotunzika. Kiazi kilichomo guniani kingali hai na kinapumua. Kikipatwa na baridi, vimeng'enya vyake huvunja wanga na kuutengeneza kuwa sukrosi, kisha kimeng'enya kingine, invatesi, huigawa sukrosi hiyo kuwa glukosi na fruktosi, sukari ambazo kwenye mafuta ya moto hugeuka kahawia na kuwa chungu. Wakati huohuo upumuaji, ambao ndio ungeitumia sukari hiyo, umepungua kwa sababu ya baridi ileile. Ni kama mkaa unaoendelea kuletwa jikoni ilhali moto umefifia, ukabaki kurundikana. Kwa mmea hiyo ni kinga, maana sukari huchelewesha maji ya ndani ya seli kuganda na huzilinda tando zake, na ndiyo sababu kabichi na sukuma wiki za nyanda za juu huwa tamu zaidi miezi ya baridi. Habari hii si ngeni hata kidogo: Hermann Müller-Thurgau, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, aliieleza kuhusu viazi mwaka 1882.

Nyuzi 4 zinafaa viazi vya mbegu, na nadhani ndiko ushauri huo ulikochukuliwa na kuhamishiwa kwenye chakula bila kuulizwa. Viazi vya kukaanga vinahitaji nyuzi 8 hadi 10, gizani, penye hewa inayopita.

Ukitaka kuhakikisha, nunua kwenye duka la dawa vijiti vya kupimia sukari kwenye mkojo, kata kiazi katikati, gandamiza kijiti kwenye unyevu wa pale kilipokatwa, kisha ulinganishe rangi na chati iliyo kwenye kichupa. Fanya hivyo kwa viazi kadhaa kutoka magunia tofauti. Halafu vitoe viazi vyote, uviweke kwenye nyuzi 15 hadi 18 kwa wiki mbili au tatu, ukikaanga vipande vichache kila baada ya siku tatu. Sehemu ya sukari itarudi kuwa wanga na nyingine itatumika katika kupumua, ingawa si yote, na baadhi ya viazi vitaanza kuchipua. Visivyobadilika viuze kwa wanaopika mchuzi, maana kwa kuchemsha havina tatizo zaidi ya utamu.

Sasa huo unga. Nilisimama mbele ya muuzaji mmoja akikata kiazi na kutumbukiza nusu moja kwenye maji ya unga wake. Baada ya dakika 20 nusu hiyo ilikuwa nyeupe na ile nyingine imekuwa nyeusi, watu wakatoa pesa. Weusi ule ni wa kiazi kibichi kilichopigwa na hewa, na salfaiti, kemikali ya kuhifadhi chakula iliyomo kwenye unga, huuzuia kweli, lakini haukuwa na uhusiano wowote na sukari. Hakukaanga hata kipande kimoja. Zaidi ya hayo, salfaiti inaweza kuamsha shambulio kwa baadhi ya wenye pumu, na mteja wa kibandani haulizwi kama ana pumu.

Rangi ya kahawia nayo ina jambo zito kuliko sura ya sahani. Glukosi na fruktosi zikikutana na asparajini, kijenzi cha protini ambacho kiazi kinacho kwa wingi, kwenye joto linalozidi nyuzi 120, hutengeneza akrilamaidi, kemikali iliyowekwa mwaka 1994 katika kundi la zile zinazoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Watafiti wa Sweden walitangaza mwaka 2002 kwamba imo katika vyakula vya kukaanga na kuoka, na kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2017 zinataka viazi vihifadhiwe kwenye joto linalozidi nyuzi 6. Kwa hiyo anayekufundisha kuificha rangi hiyo anakufundisha kuifuta alama pekee ambayo macho ya mlaji yangeiona. Nasema haya pia kwa wanaokodisha vyumba baridi na kupokea kila kitu, viazi, ndizi na samaki, kwa nyuzi zilezile: kama joto haliwezi kupandishwa hadi 8 kwa sababu samaki wamo ndani, viazi visiingie.