Mwalimu wa Baiolojia Anajibu: Kachumbari, Selimundu na Chura Anayezaa

Walioripoti kidato cha tano mwezi Julai wameshaonja majaribio ya kwanza, na maswali yamekuja mengi. Nimechagua matano.

Shikamoo mwalimu. Kidato cha nne nilipata A ya baiolojia kwa kukariri. Sasa nasoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nakesha na notisi hadi saa nane usiku, na jaribio la kwanza nimepata 31. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu. Bidii unayo, ila kidato cha nne uliulizwa osmosisi ni nini, na sasa unaulizwa kwa nini na ingekuwaje. Nenda jikoni. Ukikata kitunguu ukakitia chumvi, baada ya muda unakuta maji chini ya bakuli na kitunguu kimelegea. Maji hayo yametoka ndani ya seli, yakipita kwenye utando wake kufuata chumvi iliyo nje, na hiyo ndiyo osmosisi. Sasa jiulize: kwa nini mgonjwa hatundikiwi dripu ya maji matupu? Kwa sababu maji yangeingia kwenye chembe nyekundu za damu, nazo hazina ukuta kama wa seli ya kitunguu, zikavimba na kupasuka. Ndiyo maana dripu ya kawaida ya chumvi ni ya asilimia 0.9. Kanuni ni moja, umeiona kwenye kachumbari na wodini.

Kwa hiyo punguza kukesha. Soma kurasa chache, funga daftari, chora ulichosoma kwa kichwa, kisha mweleze mwenzako. Pale utakapokwama ndipo pa kurudi kusoma.

Mwalimu akifafanua kwa Kiswahili naelewa kabisa. Nikikutana na maneno marefu ya Kiingereza kwenye mtihani, yote yananipotea.

Elewa kwanza kwa Kiswahili, wala usione aibu. Kisha yavunje hayo maneno. Wewe unajua bila kufundishwa kwamba mtu, kitu na utu vina shina moja na viambishi tofauti. Maneno ya baiolojia, mengi yakiwa na asili ya Kigiriki na Kilatini, yamejengwa hivyohivyo. "Haipo" (hypo) ni chini ya kiwango, "haipa" (hyper) ni juu ya kiwango, "glaiko" (glyco) ni sukari, na "emia" (aemia) mwishoni huhusu damu. Ukiyajua hayo manne, tayari unajua jina la sukari kushuka mwilini na jina la sukari kupanda. Tenga kurasa za nyuma za daftari kwa ajili ya viambishi tu.

Mdogo wangu ana selimundu. Darasani tumeambiwa uteuzi asilia, yaani wanaofaa mazingira kuishi na kuzaa zaidi, huondoa jeni zenye madhara. Mbona hii haijaondoka?

Pole kwa kuuguza, na ahsante kwa swali ambalo ningependa kila darasa liulize.

Tatizo linaanza padogo mno. Katika mnyororo wa beta wa hemoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, asidi amino (kipande cha kujengea protini) ya 6 imebadilika: mahali pa asidi ya glutamiki imekaa valini. Oksijeni ikipungua, hemoglobini hiyo hushikamana, na chembe nyekundu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa midogo. Mtoto aliyerithi jeni hiyo kwa wazazi wote wawili, yaani SS, huugua. Aliyeirithi kwa mmoja tu, AS, kwa kawaida ni mzima.

Sasa mlete mbu. Mtu wa AS ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alichapisha ushahidi wa jambo hilo mwaka 1954 baada ya utafiti wake Afrika Mashariki. Kwa hiyo palipo na malaria nyingi, watoto wengi wa AA, yaani wasio na jeni hiyo, walikufa kwa malaria, wengi wa SS wakafa kwa selimundu, na wengi wa AS wakaishi, wakakua, wakarithisha jeni zote mbili. Uteuzi asilia haukulala. Ndio ulioitunza jeni ya S. Ukitaka kujua kama jeni ina madhara, uliza kwanza mwenye nayo anaishi wapi.

Na hili ni la mtihani na la nyumbani pia. Wazazi wa AS wakizaa, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa SS. Si kwamba watoto watatu wakiwa wazima basi wa nne lazima augue. Mimba haikumbuki iliyotangulia. Tena jeni zimetoka kwa baba na kwa mama, sawasawa. Nimeona akina mama wakibebeshwa lawama hii peke yao, na inaniuma. Wewe uliyejifunza, waeleze nyumbani.

Binti yangu amepangiwa CBG (kemia, baiolojia na jiografia) naye anataka udaktari wa binadamu. Itawezekana?

Mzazi mwenzangu, shahada ya udaktari inadai fizikia, na CBG haina. Aombe kubadilisha tahasusi mapema, kabla mada hazijamwacha. Ikishindikana, soma naye mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Kuna kozi nzuri za kilimo, misitu na wanyamapori pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Niliandika kwamba kuna chura anayezaa bila kutaga mayai, nikapigwa kosa. Ni kweli nimekosea?

Hukukosea. Chura wa Kihansi, mdogo kuliko kidole chako, huzaa vichura vilivyokamilika. Makazi yake ya asili ni kwenye manyunyu ya maporomoko ya Kihansi, milima ya Udzungwa, na hajulikani kuwa na makazi mengine duniani. Bwawa la umeme lilipopunguza maji, manyunyu yakakauka, na mwaka 2009 akatangazwa kuwa ametoweka porini. Waliokuwa wamepelekwa kutunzwa Marekani walizaliana, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa kwenye makazi yao ya Kihansi. Mpelekee mwalimu wako karatasi kwa adabu, umweleze habari hii. Na safari nyingine andika "amfibia wengi hutaga mayai majini", kisha mtaje huyu kwa jina.