Kuhamisha tovuti bila kuizima

Ndugu, umeuliza kama tovuti ya duka (WordPress) itazimika ukihamia hostingi mpya (kampuni inayotunza tovuti kwenye seva zake). Haizimiki, ila usiwe na haraka ya kufunga akaunti ya zamani. Siku moja kabla, ingia kwenye DNS (orodha inayoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake) ushushe TTL, yaani muda ambao anwani ya zamani hukumbukwa kabla ya kuulizwa upya. Mara nyingi utaikuta sekunde 14400, yaani saa nne, weka 300. Pandisha faili na databesi kwenye seva mpya, rekebisha wp-config.php (faili lenye jina na nenosiri la databesi). Rekodi ya A, ile ya DNS inayoonyesha IP (anwani ya namba) ya seva, usiiguse bado! Andika kwanza IP mpya na jina la tovuti kwenye faili la hosts la kompyuta yako, ili wewe peke yako uione seva mpya, fungua tovuti, jaribu kuweka oda mpaka mwisho.

Kinachowaliza wengi ni imeili. Mimi nilibadilisha nameserver (seva zinazotunza rekodi za DNS) nikasahau MX (rekodi inayoelekeza imeili), barua za wateja zikawa zinawarudia mchana kutwa, bosi akaninunia wiki nzima. Kwa hiyo piga picha rekodi zote za DNS kabla hujagusa kitu. Na kama imeili zinakaa kwenye seva hiyohiyo ya zamani, zihamishe kwa IMAP (njia ya kufikia imeili zilizo kwenye seva) kwanza.

Rekodi ya A ibadilishe usiku wa manane, oda zikiwa zimepoa, zisije zikaingia kwenye databesi ya zamani.