Nilimfungia mdogo wangu ndani ili aache pombe

Kufuli nililinunua kando ya barabara hapa Umoja. Mdogo wangu alikuwa anakunywa kila siku kwa miaka sita hivi. Alianza na bia, akashuka hadi vile vichupa vya pombe kali. Mama alikuwa amelia mpaka akanyamaza. Nikaona dawa ni wiki moja ndani: uji, maji na maombi.

Siku ya kwanza mikono ilimtetemeka, jasho likamtoka, uji wote akautapika. Nikajiambia sumu inatoka. Usiku wa pili alianguka katikati ya kitanda na meza, mwili umekakamaa, povu mdomoni. Mama alikemea mapepo. Jirani yetu muuguzi, aliyekuja mbio kwa mayowe yetu, alimlaza ubavu, akasogeza meza, kisha akaniuliza, "Mara ya mwisho kunywa ilikuwa lini?" Nilijibu kwa majivuno kabisa: juzi.

Hospitalini ndipo nilipoelezwa. Pombe hupooza ubongo, na ubongo wa mtu anayekunywa kila siku hujizoeza kwenda kasi ili usilale. Ukimkatia ghafla, ile kasi inabaki bila kizuizi. Degedege huja mara nyingi ndani ya siku mbili za kwanza. Baadaye, kati ya siku ya pili na ya nne, wengine huchanganyikiwa, huona wadudu ukutani, moyo ukaenda mbio, na hapo mtu anaweza kufa. Alipewa dawa za kutuliza zilizopunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wengi hupungukiwa nayo.

Kwa hiyo kabla hujafunga mlango, uliza. Hunywa asubuhi ili mikono itulie? Amewahi kuanguka alipokosa pombe? Kama ndiyo, usimkatie mwenyewe, mpeleke kwa daktari kwanza. Hata kumwacha anywe kidogo mpaka mfike huko si dhambi, ingawa Mama hadi leo hakubaliani nami.

Unga, yaani heroini, una hatari yake tofauti. Arosto, yale mateso ya kuukosa, humtesa teja vibaya, lakini kinachoua zaidi ni kurudia: mwili umeshasahau kile kipimo cha zamani, yeye anakikumbuka. Ukimfungia mwezi mzima kisha ukamwachilia bila tiba, umemwandalia hilo. Hospitali ya Mathari, Nairobi, wamekuwa wakitoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini, tangu 2014, mgonjwa anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu.

Kuhusu vituo vya kurekebisha tabia, fungua macho. Kimoja tulichosifiwa kilitaka karo ya mwezi mzima kabla hatujaketi, na usiku hapakuwa na muuguzi, askari wa getini tu. Siku hizi swali langu la kwanza ni nani hulala hapo, na la pili ni kibali cha NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, kiko wapi. Hao NACADA wana simu ya bure, 1192, usiku na mchana. Mimi niliijua nikiwa nimeshachelewa.

Mdogo wangu amerudia pombe mara mbili tangu hapo. Mara ya pili alinigongea mwenyewe saa kumi na mbili jioni, ameshika mfuko wa nguo, akasema, "Twende kabla usiku haujaingia."