Nichukue kazi gani hospitali nikitaka kuwa nesi wa nusukaputi?

SWALI: Dada shikamoo. Niko mwaka wa pili digrii ya unesi hapa Texas, wikendi napiga CNA (msaidizi wa nesi) kwenye nyumba ya wazee. Ndoto yangu ni CRNA, yaani nesi wa nusukaputi. Sasa kuna hospitali inatafuta wasaidizi, nafasi moja ni thieta kwa watu wa nusukaputi, ingine ni wodi ya ICU, ya wagonjwa mahututi. Niende wapi, na hayo masaa chuo watayahesabu? (Mwanafunzi, Houston)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Masaa kwanza: hawahesabu hata moja. Chuo cha CRNA kinataka RN, yaani nesi aliyesajiliwa mwenye leseni, aliyefanya angalau mwaka mzima wodi ya wagonjwa mahututi kama nesi, kwa hiyo saa yako inaanza kuhesabu ukishafaulu NCLEX, ule mtihani wa leseni, ukaajiriwa, hata uwe CNA miaka kumi.

Lakini usikate tamaa, maana ngoma iko kwenye kuingia ICU yenyewe. Nesi aliyemaliza juzi anaambiwa mara nyingi aanzie wodi za kawaida, anayepenya ni yule meneja anamjua na ameshaona anavyochapa kazi. Ndo maana mimi ningeenda ICU. Utakuwa unamgeuza mgonjwa ana mpira kooni na dripu kibao, wewe upande huu nesi upande ule, mara presha inaporomoka unamuona anapandisha norepinefrini, dawa ya kuinua presha, kidogo kidogo jicho liko kwenye monita, na kwenye intavyuu ya chuo watakubana kwa mambo hayohayo.

Ya thieta nayo tamu jamani. Unabadilisha mipira ya mashine, unacheki ile chokaa inayonyonya kaboni dayoksaidi kama imeshageuka zambarau, unakimbiza laringoskopu ya video, ile kamera ya kuonea koo, pale mgonjwa amegoma kuingia mpira na chumba kizima kimenyamaza. Halafu ma-CRNA unao kila siku, ukitaka kumfuata mmoja kazini uone siku yake unaomba tu, na vyuo vingi vinapenda hiyo. Tatizo meneja wa thieta siye anayeajiri manesi wa ICU.

Ila kitu kinachowaangusha watu wetu ni maksi. Unapiga usiku mbili mfululizo kwa sababu nyumbani wanasubiri hela, asubuhi una mtihani wa famakolojia, unapata C, na hiyo C itakufuata. Vyuo vingi GPA (wastani wa maksi) ya 3.0 ndo mlangoni tu, wanaochukuliwa wako juu, na tangu 2022 kila anayeanza anasomea digrii ya uzamivu (doctorate), si udaktari wa kutibu, miezi 36 kwenda mbele na kazi karibu unaacha kabisa. Omba shifti chache. Hospitali wakisema watakulipia ada, soma mkataba unakufunga miaka mingapi.

Kabla hujasaini muulize meneja wa ICU, wasaidizi wako waliomaliza unesi mwaka jana wako wapi sahivi? Kama wako hapohapo wodini ni ma-RN, saini. Akianza kuzungukazunguka nenda thieta.